Bomba Kwanza, Jamvi Baadaye

Omurushaka na Kayanga wilayani Karagwe, na vilevile Nkwenda na Isingiro huko Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, hazikosi karakana za mageti, za samani na za pikipiki. Mwenye karakana anapojenga, huwaza kwanza mashine zitakaa wapi. Choo na bafu hukumbukwa jamvi likishakauka, na hapo ndipo tindo na nyundo huanza kubomoa zege lililogharimiwa jana.

Hasara hiyo inaepukika.

Choo cha kazini si hisani ya tajiri kwa mafundi wake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri huduma hiyo, na mteja aliyekaa tangu asubuhi akisubiri geti lake anaihitaji pia.

Mpango wa bomba huanzia nje, kwenye shimo. Bomba la inchi 4 litokalo chooni lishuke sentimita 2.5 hivi kwa kila mita. Shimo likiwa mita 12 mbali, mdomo wa bomba utakuwa chini kwa sentimita 30 kuliko ulivyoanza chooni, na mchimbaji aambiwe hivyo kabla hajashika sururu. Milima ya Karagwe inasaidia mteremko, lakini bondeni ndiko ziliko chemchemi ambako watu huteka maji. Umbali unaoshauriwa sana ni mita 30 kutoka chanzo cha maji. Shimo likiwa juu ya chemchemi, busara ni kuongeza. Oili chafu ya pikipiki isimwagwe humo kabisa: huua vijidudu vinavyoozesha kinyesi, kisha huzama ardhini.

Kwa asiye na maji ya uhakika ipo njia nyingine, na imejaribiwa hapahapa. Shirika la MAVUNO la Karagwe, pamoja na wataalamu kutoka Ujerumani, lilifanyia majaribio choo kikavu kinachotenganisha mkojo na kinyesi. Kinyesi hupashwa moto kwenye tanuri ili kuua vimelea, kisha huchanganywa na vumbi la mkaa na takataka za shamba kuwa mboji. Choo hicho hakihitaji bomba nene chini ya sakafu, ingawa maji ya kuoga bado yanahitaji lake la inchi 2.

Anayechagua choo cha maji akinunue mapema. Cha kuchuchumaa huzama ndani ya zege pamoja na mtego wake wa kuzuia harufu, kwa hiyo vipimo vyake ndivyo vinavyoongoza mtaro. Mafundi wawili wakishika mpira mwangavu uliojaa maji, mmoja kila ncha, hupata usawa na kuutia alama ya penseli kwenye vigingi. Bomba lilale juu ya mchanga, si juu ya mawe ya jamvi. Panapopinda, kona mbili za nyuzi 45 hupitisha uchafu vizuri kuliko moja ya 90. Linapotoboa msingi liachiwe nafasi kidogo. Tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliwaonyesha watu wa Kagera kwamba kuta husogea.

Kisha ncha ya nje izibwe, bomba lijazwe maji hadi juu, usawa wake uwekewe alama, liachwe usiku kucha. Maji yakipungua, kiungo kinachovuja kitaonekana mtaroni, na gundi na kipande kipya vinatosha kukitengeneza. Mtaro upigwe picha kwa simu, futi ikiwa imelazwa kando ya bomba, ndipo mwashi aanze kuchanganya zege.