Kamba Ilikatika: Kauli ya Kutendeka na Ajali za Wajenzi



Mwanaisimu anayezungumzia ajali za ujenzi huenda akaulizwa amefuata nini huko. Amefuata kitenzi.

Tumchukue kijana wa Kwamsisi. Kata za jina hilo ni mbili, moja Handeni na nyingine Korogwe, na wilaya zote mbili zimo katika njia ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambazo 1,147 kati yake zimo Tanzania. Bomba hulazwa mtaroni, na mita moja ya ujazo ya udongo hukaribia tani moja na nusu. Aliyefukiwa hadi kifuani hushindwa kupumua ingawa kichwa chake ki nje.

Mkasa kama huo ukitokea, husimuliwa hivi: "Mtaro umeporomoka." Kamba nayo "imekatika", jukwaa "limevunjika". Twasema "kamba ilikatwa na fundi". Lakini "kamba ilikatika na fundi" sikio hukataa. Kiambishi -ik- humfungia mtenda nje ya sentensi. (Kuporomoka kuna kiambishi kingine, ila tabia ni ile ile.)

Sisemi kauli hii iachwe. Pengine kweli hakuna aliyeikata kamba, na kumsingizia mtu ni dhuluma. Hata hivyo, taarifa ikiishia hapo, kesho hakuna cha kurekebishwa. Pawepo sentensi ya pili, yenye mtenda: nani aliikagua kamba, na lini? Nani aliamua mtaro usiwekewe mihimili? Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. "Liliporomoka" hueleza mwendo wa zege tu; juu ya nondo, usimamizi na vibali halisemi neno.

Mabango nayo husema "Jihadhari". Katika ji- mtenda na mtendwa ni mmoja, naye ni kibarua. Wataalamu wa usalama huanzia kwingine: hatari iondolewe kabisa; isipowezekana, izuiliwe kwa mihimili na uzio; kofia ngumu na mkanda huja mwisho. Nasi bado twasema "ajali haina kinga", huku stoo imejaa vifaa vya kinga!

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, ilitungwa kwa Kiingereza. Marekebisho ya mwaka 2021 ndiyo yaliyokifanya Kiswahili lugha ya sheria. Kutafsiri ni lazima, lakini tafsiri itakayosema tu "mitaro ikaguliwe", bila kumtaja mkaguzi, itamwacha kijana wetu palepale shimoni.

Wanafunzi wa uzamili nawaomba jambo moja. Kusanyeni taarifa za ajali za ujenzi, mhesabu vitenzi vyenye mtenda na visivyo naye, kisha mzipeleke hesabu hizo kwa wahandisi kabla ya kuzileta kwetu.