KUMWINUA NA KUMLAZA MTU ALIYEUMIA KICHWA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Leo hatutasema habari za mishahara wala saa za kazi. Hayo yana siku yake. Twataka kusema habari za mtu aliyeanguka kutoka juu ya jengo, au aliyepigwa na boriti kichwani, akalala chini bila fahamu. Sisi sote twajua yanayofuata. Watu humkimbilia. Mmoja humshika makwapani, mwingine miguu, wakamketisha aegemee ukuta. Wa tatu huleta maji ya kunywa. Kisha hutiwa katika pikapu, akaketishwa kati ya watu wawili, kichwa kikining'inia kifuani. Wanaofanya hivyo hufanya kwa huruma, lakini huruma hiyo yaweza kummaliza. Twaona ni haki kila mwanachama ajue sababu yake, maana mtu akiambiwa tu "usimguse" husahau siku ile ile.

Tuanze na damu. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, yaani kama sehemu 2 katika 100 za mwili wake. Lakini huo mdogo huchukua kama sehemu 15 katika 100 za damu yote inayosukumwa na moyo. Kila dakika huingia humo damu ya kujaza chupa ya bia moja na nusu. Tena ubongo hauna ghala. Damu ikikatika kabisa, mtu hupoteza fahamu kwa muda wa sekunde 10 hivi.

Sasa, mtu mwenye afya akiinuka kitandani na kusimama, nusu lita ya damu au zaidi huteremka kwenda miguuni na tumboni, kwa uzito wake tu, kama maji yanavyoteremka. Mbona basi hatuanguki kila asubuhi? Ni kwa sababu tuna walinzi. Katika mishipa ya shingo, na katika ule mshipa mkubwa utokao moyoni, mna sehemu zinazohisi msukumo wa damu ukipungua. Mara hiyo moyo hupiga upesi zaidi na mishipa ya miguu hujibana. Na mishipa ya ubongo wenyewe ina ulinzi wa pili. Msukumo ukishuka, hiyo hutanuka; ukipanda, hujikaza; hata damu ipitayo ikabaki karibu kiasi kile kile. Aliyewahi kuinuka ghafula akaona giza machoni amekwisha kujua hali ilivyo walinzi wakichelewa kidogo.

Kwa mtu aliyeumia ubongo vibaya sana, walinzi hawa mara nyingi huwa wamevunjika. Madaktari hupima fahamu kwa kipimo kilichotungwa Glasgow mwaka 1974, chenye alama 3 hadi 15: mgonjwa afumbuaje macho, asemaje, ajongezaje mikono na miguu. Aliye na alama 8 au chini yake ndiye ameumia vibaya sana. Mishipa ya ubongo wake yaweza kuwa kama mpira wa kumwagilia bustani. Msukumo ukipungua, damu hupungua nayo. Msukumo ukizidi, ubongo hujaa damu na kuvimba. Kumwinua au kumlaza, jambo ambalo kwetu si kitu, kwake ni jambo kubwa.

Tena kuna shida ya fuvu. Mganga wa Scotland, Alexander Monro, aliandika mwaka 1783, na George Kellie akathibitisha mwaka 1824, kwamba fuvu ni sanduku lisilotanuka. Ndani mna vitu vitatu: ubongo, damu na maji ya ubongo. Kimoja kikiongezeka, kingine hakina budi kutoka. Ubongo ukivimba, au damu ikivujia ndani, maji husukumwa kwenda uti wa mgongo na damu ya mishipa ya kurudia hukamuliwa nje. Nafasi hiyo ikiisha, mbano ndani ya fuvu hupanda upesi.

Hapa twaomba mtuvumilie na hesabu, maana ni fupi kuliko ile ya posho. Msukumo wa wastani wa damu ya mtu mzima ni kama milimita 90 za zebaki. Mbano wa fuvu akiwa amelala huwa kama 10. Toa 10 katika 90: zabaki 80, nayo ndiyo nguvu ya kuupitisha damu ubongo. Sasa chukua aliyeumia, mbano wake umefika 25, na kwa kuvuja damu msukumo wake umeshuka hadi 80. Zabaki 55. Madaktari hutaka isipungue 60. Huyu ndiye tuliyemketisha ukutani! Kila kichwa kikiinuka sentimita 13 juu ya moyo, msukumo wa damu kichwani hupungua kama milimita 10 tena. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1993 ulionyesha kwamba kushuka kwa msukumo hata mara moja tu kuliambatana na vifo mara mbili zaidi kwa walioumia hivi. Na hatujataja shingo, ambayo huenda nayo imevunjika.

Basi kazini mwacheni alale pale pale, ila kama pana moto au ukuta utakaoanguka. Mmoja akishike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke. Asipewe maji. Damu ya nje izuiliwe kwa kitambaa safi, bila kukandamiza kwa nguvu pahali fuvu lilipobonyea. Akitapika, au akikoroma kwa shida, ageuzwe ubavu na watu watatu au wanne kwa pamoja, kichwa, shingo na mwili vikiwa mstari mmoja kama gogo. Akiacha kupumua, kumsaidia apumue na kumpiga kifua hutangulia mambo mengine yote. Na aende hospitali amelala juu ya machela.

Mtauliza: mbona hospitali tunamkuta kichwa kimeinuliwa? Swali zuri, na madaktari wenyewe walibishana juu yake. Kichwa kikiinuka, damu chafu hurudi moyoni kwa urahisi na mbano hupungua; lakini msukumo nao hupungua. Mwaka 1986 Rosner na Coley wa Marekani waliandika kwamba kulala sawasawa ndiko kunakohifadhi nguvu ya kupitisha damu. Mwaka 1992 Feldman na wenzake waliwapima wagonjwa 22: kwa kuinua kichwa digrii 30 mbano ulishuka kutoka karibu 20 hadi karibu 14, na damu ya ubongo haikupungua. Tangu hapo digrii 30 ndiyo desturi mahali pengi, lakini mgonjwa akiwa amekwisha jazwa damu au maji ya mishipani, na vipimo viko kando ya kitanda. Ikiwa uti wa mgongo bado haujajulikana ni salama, hukiinamisha kitanda kizima.

Kwa hiyo mkienda kumtazama mwenzenu, msimwongezee mto. Msikishushe kitanda kwa kuwa ameteleza, mwiteni nesi. Na msimgeuze uso ili "amwone mama yake". Shingo ikipindwa, mshipa urudishao damu hubanwa, na mbano hupanda papo hapo.

Majuma yakipita, huja kazi ya kumsimamisha. Hufungwa mikanda juu ya meza inayoinuka polepole, huku msukumo ukipimwa. Mwaka 2016 madaktari wa Denmark walichapisha habari za wagonjwa wa namna hii waliowainua juu ya meza: ulinzi wa damu ya ubongo ulikuwa bado mbovu kuliko wa watu wazima wenye afya. Akilala huzungumza vizuri. Akisimamishwa hutoka jasho, hupauka, huzirai. Msimamizi mmoja alipata kutuambia kwamba mtu wa hivyo "anajifanya". Tulimjibu kwamba mshipa haujui kujifanya. Mtu anayezirai akisimama hawezi kurudishwa juu ya ngazi, hata barua ya ofisi ikisema arudi Jumatatu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka sanduku la huduma ya kwanza mahali pa kazi, na Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo yamtaka mwajiri agharimie matibabu na kumpeleka aliyeumia hospitali. Pahali pamoja tulikuta sanduku lina kufuli, na ufunguo yuko nao karani aliyekwenda likizo. Machela hapakuwa.

Makatibu wa vituo waandike majina ya watu wanne wanne walio tayari kufundishwa kumgeuza na kumbeba mgonjwa, na waseme kama kituo kina machela au hakina, inakaa wapi, na nani ana ufunguo. Karatasi hizo zifike ofisi ya tawi kabla ya mazungumzo na waajiri.