Vitabu vya Hesabu Mezani

Mwaka 1983, Jack Stack na mameneja wenzake 12 walinunua kiwanda cha kukarabati injini mjini Springfield, Missouri, Marekani. Walitoa dola 100,000 zao. Karibu milioni 9 zilikuwa mkopo. Deni la kukosesha usingizi!

Ndipo wakafanya ambalo mabosi wengi hawathubutu: wakawafungulia wafanyakazi vitabu vya hesabu.

Si kubandika karatasi ukutani, msikilizaji. Mafundi walifundishwa kusoma mizania na taarifa ya mapato, kisha tarakimu zikapitiwa pamoja kila wiki: spea zimekula kiasi gani, faida imevujia wapi. Wakapewa na hisa, maana uwazi bila mgawo ni kumwonyesha mwenye njaa picha ya pilau.

Kampuni hiyo, SRC, leo inamilikiwa na wafanyakazi wake.