Mhubiri Mwenye Kisu

Leo twakumbuka filamu ya Marekani ya mwaka 1955, The Night of the Hunter, iliyoongozwa na Charles Laughton. Humo Harry Powell ajiita mhubiri. Vidoleni amechanjwa neno UPENDO mkono wa kuume na CHUKI mkono wa kushoto. Anazitaka dola 10,000 zilizofichwa ndani ya mwanasesere wa mtoto Pearl. Amwoa mama yao mjane, amwua, kisha awawinda watoto kando ya mto Ohio.

Linalotuchoma sisi si kisu chake, bali majirani. Walimsifu na kumhimiza mjane aolewe. Kijana John peke yake ndiye aliyemshuku. Nasi je? Tungalimpa mimbari, na kuku tungalimchinjia!

Mwishowe mama mzee, Rachel Cooper, akawapokea watoto wale. Usiku akaketi kitini, bunduki mapajani. Nje Powell akaimba wimbo wa kanisa kwa sauti nzuri. Rachel naye akauimba pamoja naye, ila yeye alilitaja jina la Yesu.