Fundi, Mwache Kijana Amalize Chuo



Mwanafunzi wa uchomeleaji akishajua kuunganisha vyuma, vibarua vya mageti huanza kumwita. Pesa ya leo ni tamu, lakini kesho kwenye ajira rasmi ataulizwa cheti cha NITA.

Kijana hudumu chuoni karo ikilipika, vifaa vikimtosha karakanani, na mwalimu akimtafuta anapokosekana.

Mafundi wa jua kali, mpeni kazi wakati wa likizo. Muhula ukifunguliwa, mrudisheni darasani. Wazazi, karo ikikwama, zungumzeni na meneja wa chuo mapema, na mwulize ofisi ya wadi kuhusu basari, kabla mtoto hajazoea kukaa nyumbani.