Uongozi Katika Kazi ya Serikali: Mambo Yaliyoonekana Makueni



Mtu akiulizwa Serikali ni nini, mara nyingi hutaja wakubwa: Rais, Waziri, Gavana. Lakini mama aliyeondoka kwake alfajiri na mtoto mgonjwa mgongoni, akafika kwenye zahanati na kukuta mganga yupo ila dawa hakuna, kwake yeye Serikali ni ile rafu tupu. Hapo ndipo uongozi wa mkubwa aliye mbali hupimwa, ingawa yeye mwenyewe hayupo kuona unavyopimwa. Mazungumzo haya ni juu ya uongozi wa namna hiyo katika nchi ya Kenya, shida zake na njia iliyo mbele yake. Yatakaa zaidi katika Kaunti ya Makueni, kwa sababu huko mambo yaliharibika mbele ya macho ya watu wote, kisha yakatengenezwa, na ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi.

Kwanza yafaa kukumbuka habari za nyuma. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Katiba yake iliigawa nchi katika majimbo, kila jimbo na baraza lake. Mpango huo haukudumu. Mwisho wa mwaka 1964 nchi ikawa Jamhuri, na madaraka yakazidi kukusanywa Nairobi. Kwa miaka mingi baadaye, mkubwa wa wilaya alikuwa ofisa aliyetumwa kutoka makao makuu, akapandishwa cheo na makao makuu, akahamishwa na makao makuu. Basi na macho yake yalielekea huko huko. Si kwamba maofisa hao walikuwa watu wabaya. Wengi walifanya kazi kwa bidii kubwa, katika jua na vumbi, na barabara na shule walizozisimamia zingali zikitumika. Lakini mtumishi hutazama upande ule itokako barua ya kupandishwa cheo. Mwaka 1983 Serikali ilianzisha mpango wa kupanga maendeleo kuanzia wilayani; kamati zikakaa, daftari zikajaa, ila mfuko wa fedha ulibaki pale pale ulipokuwa.

Liko jambo jingine la zamani ambalo halisemwi mara nyingi. Mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Bwana Duncan Ndegwa, iliyochunguza kazi na mishahara ya watumishi wa Serikali, ilitoa shauri kwamba si vibaya mtumishi kuwa na mali na biashara zake kama raia wengine, mradi asichanganye biashara hiyo na kazi yake. Masharti yalisahauliwa upesi, ruhusa ikakumbukwa. Mpaka kati ya ofisi na duka la mwenye ofisi ukafifia, hata mtu mmoja akaweza kuwa ndiye atoaye kazi ya ujenzi na ndiye, kwa jina la ndugu au rafiki, aipokeaye. Sheria ya maadili ya watumishi ilitungwa mwaka 2003. Katiba ya mwaka 2010 ikaweka sura nzima, ile ya sita, juu ya uongozi na uadilifu. Na mwaka 2025 ikatungwa sheria nyingine juu ya mtumishi kuingiza faida yake mwenyewe katika kazi ya umma. Zaidi ya miaka 50 imepita, na ufa ule ungali unazibwa.

Katiba hiyo mpya ilitangazwa tarehe 27 Agosti mwaka 2010.

Katiba hiyo mpya ndiyo iliyozaa kaunti 47, ambazo serikali zake zilianza kazi baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013. Zahanati na hospitali nyingi, kilimo, maji ya vijijini na barabara ndogo zilitiwa mikononi mwa kaunti. Katiba inaamuru kwamba kaunti zote kwa pamoja zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge. Katika mwaka wa fedha 2013/14 kaunti ziligawiwa shilingi bilioni 190. Katika mwaka 2025/26, bilioni 415.

Wengi walidhani ya kuwa ofisi ikisogezwa karibu, shida imekwisha. Haikuwa hivyo. Fedha kutoka Nairobi zimekuwa zikichelewa, na zikichelewa, mishahara nayo huchelewa, na mwenye kuleta dawa hungoja malipo hata akachoka kuleta. Kanuni zinasema kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kulipa watumishi, lakini kaunti nyingi zimepita mpaka huo, maana kumwajiri kijana wa jirani ni rahisi kuliko kumweleza baba yake kwa nini hakuajiriwa.

Shida kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni ile ya kusukumiana kazi. Mwaka 2013 Serikali ya taifa ilitia sahihi mapatano ya mishahara na chama cha madaktari. Wakati huo huo madaktari walikuwa wakihamishiwa kaunti. Mapatano hayakutimizwa. Nairobi ikatazama kaunti, kaunti zikatazama Nairobi, na tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma wakaacha kazi. Mgomo ulidumu siku 100, hata tarehe 14 Machi 2017. Katika siku hizo 100 tajiri alikwenda hospitali ya kulipia, maskini akarudi nyumbani na ugonjwa wake. Kila mkubwa aliyehusika aliweza kuonyesha karatasi ya kuthibitisha kwamba kosa lilikuwa la mwingine, na huenda kila karatasi ilisema kweli. Mgonjwa hakupona kwa karatasi hizo.

Sasa tuitazame Makueni, nchi kavu iliyo kusini-mashariki ya Nairobi, yenye watu karibu milioni moja kwa hesabu ya mwaka 2019, na makao yake makuu yapo Wote. Gavana wake wa kwanza alikuwa Profesa Kivutha Kibwana, mwalimu wa sheria. Mara tu kazi ilipoanza, yeye na Bunge la Kaunti waligombana juu ya bajeti: nani apange, nani apate kiasi gani. Ugomvi ukawa mkali hata mwezi wa Septemba 2014, huko Wote, risasi zikapigwa na watu wakajeruhiwa. Kazi za maendeleo zilisimama. Ndipo wananchi wakatumia haki waliyopewa na sheria, wakakusanya sahihi kumwomba Rais aisimamishe serikali ya kaunti yao. Tume ikaundwa chini ya Bwana Mohamed Nyaoga, ikasikiliza pande zote, ikatoa shauri kwamba kaunti isimamishwe kweli. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta hakulikubali shauri hilo, na serikali ya Makueni ikaachwa iendelee. Katika uchaguzi wa mwaka 2017 gavana alirudishwa na wapiga kura, lakini wengi wa wajumbe wa bunge lile la kwanza hawakurudishwa.

Mtu angeweza kusema kwamba huyo gavana alishinda, na habari imekwisha. Lakini ushindi wa kiti haujazi rafu ya dawa. Jambo lenye maana ni lile lililofanywa na kaunti baada ya kuponea chupuchupu. Mashauri ya bajeti yalipelekwa chini kabisa, katika vijiji ambavyo idadi yake ni zaidi ya 3,000. Kijiji kilikaa barazani na kutaja haja zake. Kisha wajumbe wa vijiji vilivyo jirani wakakutana kuzipunguza. Kisha wadi, ambazo ni 30. Mwisho kaunti nzima. Katika kila ngazi watu walilazimika kuambiana hapana wao kwa wao. Waliotaka bwawa waliwasikia waliotaka zahanati, na walioshindwa walijua ni nani aliyewashinda na kwa sababu gani. Neno la hapana likitoka kwa jirani mbele ya watu, huuma, lakini halizai uvumi kama linalotoka katika ofisi iliyofungwa.

Na huo ulikuwa mwanzo tu. Kila kazi ya ujenzi ilipewa kamati ya wenyeji waliochaguliwa na wenzao, na kamati hiyo ilipewa nakala ya karatasi ya vipimo na bei. Mjenzi hakulipwa mpaka kamati ikubali kwa sahihi kwamba kazi imefanywa ilivyoandikwa. Hapa pana siri ndogo ambayo maofisa wengi hawapendi kuisikia. Mzee aliyejenga nyumba yake mwenyewe hana cheti cha uhandisi, lakini anajua ukuta wa urefu fulani hula mifuko mingapi ya saruji, na anapita hapo kila siku akienda kuchunga mbuzi. Mkaguzi wa hesabu huja mara moja kwa mwaka. Mzee huyo ni mkaguzi wa kila asubuhi, wala haombi posho ya safari.

Mwaka 2016 kaunti ilianzisha pia mpango wa matibabu, ambao kwa huo jamaa nzima ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti bila malipo mengine.

Isidhaniwe kwamba njia hiyo haina taabu. Mabaraza hula siku nyingi, na mwanamke mwenye mzigo wa kuni na watoto wadogo hawezi kukaa barazani mchana kutwa. Mara nyingi wasemao ni wale wale wenye sauti kubwa. Ofisa naye huona anacheleweshwa, na ni kweli anacheleweshwa. Tena kuna kaunti nyingine ambazo zimelichukua jina la mashauri ya wananchi bila kiini chake: tangazo hutoka Jumatatu, mkutano hufanywa Jumatano katika ukumbi wa hoteli, watu hupewa soda na karatasi nene ya Kiingereza, kisha hutakiwa watie sahihi kwamba wamehudhuria. Kufanya hivyo ni kuwatumia watu kama mhuri.

Matokeo ya kuwatumia watu kama mhuri yalionekana mwezi wa Juni 2024, juu ya Mswada wa Fedha. Vijana waliusoma mswada wenyewe, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaupitisha kutoka simu hadi simu. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na watu wakauawa kwa risasi. Siku ya pili yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Damu ilimwagika kwa jambo ambalo lingaliweza kujadiliwa barazani miezi mitatu mapema, kama baraza lingalikuwa baraza la kweli.

Wako wanaotumaini kwamba mashine zitaleta dawa ya haya yote. Vituo vya Huduma vilivyoanza mwaka 2013 na malipo ya Serikali kwa njia ya simu vimepunguza safari nyingi na hongo nyingi ndogo, na jambo hilo lisidharauliwe. Lakini mashine hupokea ada vizuri kuliko inavyojibu swali. Mtu akitaka kujua kwa nini kisima kilichotajwa katika bajeti hakionekani shambani, anahitaji ofisa mwenye jina, katika ofisi yenye mlango. Katiba, katika kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupewa habari zilizo mikononi mwa Serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaeleza namna ya kuziomba.

Kwa wale watakao kuanza katika kaunti zao, sheria ya fedha za umma imeweka siku. Mpango wa maendeleo wa kila kaunti hupelekwa mbele ya Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mwelekeo wa fedha hufuata kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio yenyewe kabla ya tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mwenye haja ya maji au zahanati asingoje Juni. Aombe nakala ya mpango huo kwa mkuu wa wadi yake mwezi wa Septemba, atazame kama kijiji chake kimetajwa, na kama hakikutajwa, aulize kwa maandishi.