Maji ya Kunywa na Mionzi: Moto Peke Yake Hautoshi

Leo tuweke kando mbegu na mbolea, tuzungumze juu ya maji ya kunywa. Umehimizwa mara nyingi uchemshe maji. Shauri hilo ni jema, usiliache, maana moto unaua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara. Lakini kuna kitu ambacho moto haukiui, kwa sababu si kidudu. Ni madini.

Katika baadhi ya sehemu za nchi yetu, ardhini mna urani, madini yanayotoa mionzi. Yamegunduliwa Bahi mkoani Dodoma, Manyoni mkoani Singida, na kwenye Mto Mkuju wilayani Namtumbo. Hii si kusema kwamba kila kisima cha huko ni kibaya, la hasha. Ila maji yakipita katika mawe ya namna hiyo yanaweza kubeba urani. Huwezi kuiona wala kuinusa. Ukiinywa kwa wingi muda mrefu, inaumiza figo.

Utauliza, "Je, nikichemsha sana?" Fikiri kazi ya Uvinza, mkoani Kigoma. Watu wa huko tangu zamani huchemsha maji ya chumvi. Maji huenda na mvuke, chumvi ikabaki chunguni. Urani nayo ni vivyo hivyo: maji yanapungua, yenyewe inabaki pale pale. Kuchuja kwa kitambaa hakuiondoi, wala dawa ya klorini.

Basi, fanya hivi:

Kwanza, kijiji kikichimba kisima kirefu katika sehemu zenye urani, msianze kunywa kabla ya maji kupimwa. Mwombeni mhandisi wa maji wa wilaya apeleke sampuli maabara. Tume ya Nguvu za Atomiki ina wataalamu wa kupima mionzi. Shirika la Afya Duniani linashauri urani isizidi maikrogramu 30 katika lita moja.

Pili, mkingoja majibu, tumieni maji ya mvua. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, ndipo ukinge. Tangi liwe na mfuniko, na maji hayo uyachemshe kama kawaida.

Tatu, kipimo kikionyesha urani imezidi, tafuteni kisima kingine kilichopimwa. Ikiwa hakuna, iko mitambo ya kuchuja urani, lakini ni ghali kwa nyumba moja. Afadhali kijiji kizima kishirikiane. Na chujio lililokwisha kazi lisitupwe shambani wala mtoni, maana urani yote imenasa humo. Mwulizeni mtaalamu pa kulipeleka.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kumbuka: vijidudu dawa yake moto, urani dawa yake ni kupima kwanza.